AUSPOS na CSRS-PPP zimenipa majibu mawili kwa pointi moja, niamini lipi?

Mpimaji_Mpya: Wakuu, habari. Nimeweka risiva ya GPS ya masafa mawili kwenye kontroo mpya (alama ya kuanzia vipimo), ikakaa kwa muda wa saa moja na nusu. Faili la RINEX (data ghafi za setilaiti) nimelituma AUSPOS ya Australia na CSRS-PPP ya Kanada, huduma za mtandaoni zinazokokotoa mahali pa pointi. Zote zimeleta ITRF (mfumo wa kuratibu wa dunia nzima) ileile, ila kwa mlalo zinapishana sentimita 2, na kimo cha CSRS kiko chini kwa karibu sentimita 9. Nichukue wastani?

Bikoni_Kongwe: Wastani usichukue! Utakuwa umechanganya jibu zuri na baya. Sentimita 2 kwa muda mfupi hivyo ni kawaida, hiyo 9 ndiyo inanuka. AUSPOS inachukua kimo cha antena ulichojaza kwenye fomu. CSRS inasoma kilichoandikwa kichwani mwa faili. Fungua RINEX kwa programu ya maandishi tu, tafuta mstari wa ANTENNA: DELTA H/E/N, ulinganishe.

Mpimaji_Mpya: Duh. Kwenye fomu nilijaza mita 1.552, kwenye faili ipo 1.640.

Bikoni_Kongwe: Basi risiva imeandika kimo hadi kitovu cha mawimbi (pale ndani ya antena mawimbi yanapopokelewa), wakati huduma zote mbili zinataka hadi kitako cha antena. Rekebisha faili, tuma tena. Na aina ya antena iandikwe kwa jina kamili la IGS (shirika la kimataifa la huduma za GNSS), maana jina likikosewa masahihisho yake hayaingii.

Dira: Subiri pia wiki mbili hivi, obiti za mwisho (njia za setilaiti zilizokokotolewa kwa usahihi zaidi) zikishatoka uchakate upya. Halafu kile kimo ni cha elipsoidi (umbo la kihesabu la dunia), usimpe mhandisi wa mifereji kama kimo cha usawa wa bahari. Ukilinganisha na bikoni za zamani ukaona tofauti ya mamia ya mita kwa mlalo, usishtuke, hiyo ni datumu (mfumo wa msingi wa vipimo) yao ya zamani.

Mpimaji_Mpya: Nimerudia, vimo sasa vinapishana milimita chache. Na zile 2 za mlalo? Ripoti inadai kosa ni dogo kuliko hapo.

Bikoni_Kongwe: Ripoti haijui kama tripodi yako ilikuwa wima juu ya alama. AUSPOS inajifunga kwenye vituo vya IGS vya jirani, CSRS inategemea obiti na saa za setilaiti peke yake, kwa hiyo muda ukiwa mfupi yenyewe ndiyo inayoumia zaidi. Rudi siku nyingine, saa tofauti, usimamishe tripodi upya, uache kwa muda wa saa nne au zaidi.