Nimechoka kuambiwa watu wa Kusini hatupendi shule

Wakuu, matokeo ya mitihani yakitoka tu wimbo ni uleule: Lindi na Mtwara wanapenda ngoma, shule hawaitaki. Eti unyago ndiyo umetufanya maskini. Leo sinyamazi.

Mnatulinganisha na Kilimanjaro. Sawa. Wenzetu walikuwa na kahawa na ushirika wao, KNCU, tangu 1933, na kahawa ikasomesha watoto. Sisi reli ya Mtwara hadi Nachingwea, ambayo Waingereza waliijenga kwa ajili ya mradi wao wa karanga, ilifungwa mapema miaka ya 1960 ikang'olewa. Daraja la Rufiji tumelipata 2003! Kabla ya hapo ilikuwa kusubiri kivuko Ndundu. Mwalimu gani alitamani kupangiwa huku?

Na palipokuwa na shule tulisoma. Rais Mkapa alitoka kijiji cha Lupaso huku kwetu akapita shule ya Ndanda. Hata jando, Askofu Lucas wa Anglikana, Masasi, enzi za mkoloni alikaa na wazee, likaingizwa kanisani, na shule za misheni ziliendelea. Mila inapangika.

Kinachoniuma zaidi ni mabinti. Mtoto wa dada yangu amefaulu la saba, sekondari ya kata iko mbali, hosteli hakuna. Kapangishiwa chumba kwa watu: godoro, ndoo, mafiga matatu nje, mlango unafungwa kwa kamba. Ana miaka 14, anajipikia ugali peke yake usiku. Mama yake anasubiri pesa ya korosho. Mnada umepita, AMCOS, chama chetu cha ushirika, wanasema malipo hayajaingia, na watu wa kangomba, wale wanunuzi wa magendo, wanapita wakitaka kununua kwa bei ya kutupa. Huyu akipata mimba, mtasema kungwi ndiye kamharibu.

Mwaka 2018 ile asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje ya nchi, iliyokuwa inarudi kuendeleza zao, ilipelekwa Hazina. Wabunge wetu walipiga kelele. Nyie mlikuwa wapi?

Sikatai, wapo wazazi wanaomtoa mtoto darasani aende ngomani, na wapo wanaomwambia ajifelishe. Wanakosea sana. Lakini mzazi huyo keshapiga hesabu ya sare, daftari, kodi ya chumba na unga, akaona haifiki.

Viongozi mnaotishia kuwakamata makungwi, kaeni nao ngoma ziwe likizo ya Juni na Desemba. Mjenge hosteli. Na pesa ya korosho imfikie mkulima kabla shule hazijafunguliwa Januari.