"Una nini wewe cha kuibiwa?" Nimesomewa kitambulisho changu ndani ya feri nzima!

Mvuvi wa Tudor ameandika:

Ndugu zangu, ninaandika hata jasho la kivukoni halijanikauka, na likinitoka neno lisilofaa mniwie radhi, kwa maana leo nimevunjiwa heshima mbele ya Likoni yote hapa Mombasa, na aliyenivunjia ni mtu ambaye nyote mnamjua. Sitamtaja. Ni yule yule katibu wa chama chetu, mwenye kutembea na daftari jeusi kwapani kama kadhi anayekwenda kufungisha ndoa, daftari ambalo ndani yake mna majina yetu kamili, nambari za vitambulisho, nambari za simu, majina ya warithi wetu, na nadhani hata idadi ya magego yetu.

Tulikuwa ndani ya feri wakati wa watu kurudi majumbani, na mnaujua wakati huo, ambapo mtu akipiga chafya mbele ya feri anaombewa dua na walio nyuma. Simu yake ikalia, nambari ngeni, naye akaipokea kwa spika, eti sikio lake limeingia maji. Sauti tamu ya kijana ikasema kwamba inapiga kutoka "ofisini", bila kusema ofisi gani, na kwamba vikundi vya mtaa wetu vimeteuliwa kupewa fedha za kujiendeleza, ila orodha ya wanachama haijakamilika. Mtu mwenye akili timamu angeuliza ni ofisi ipi hiyo na nani aliyetuteua. Katibu wetu alilamba kidole, akafungua daftari, akaanza kusoma.

Na walahi alianza na mimi! Alisoma jina langu la kwanza, la pili na la tatu. Akasoma nambari ya kitambulisho tarakimu baada ya tarakimu, na kijana aliposema kwamba hakusikia vizuri kwa sababu ya honi, akairudia kwa sauti ambayo nina hakika abiria wa feri iliyokuwa ikitoka ng'ambo waliinukuu. Akaulizwa mwaka wangu wa kuzaliwa. Hapo mwandiko wake mwenyewe ukamshinda, basi akawageukia abiria, ndiyo, abiria, akawauliza: "Jamani, huyu mnamkadiria miaka mingapi?" Mwenye mkokoteni wa madafu akasema kwamba sipungui hamsini na mitano. Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki akanitetea kwamba ni ndevu tu ndizo zinazonizeesha.

Nikamwambia kwa adabu kabisa: "Bwana Katibu, hayo ni mambo yangu mimi, nawe unampa mtu usiyemjua." Akaniangalia kuanzia kandambili hadi kofia, akasema ili kila mtu asikie: "Una nini wewe cha kuibiwa?"

Mmesoma? Una nini wewe cha kuibiwa. Simu ikiwa bado iko hewani! Na kijana wa "ofisini" akacheka. Nimedharauliwa na mtu anayetaka kuniibia!

Kwani ni lazima niwe na ghorofa Nyali ndipo nambari yangu iwe na thamani? Mwizi wa aina hii haji kuchukua nilicho nacho, anakuja kukopa kwa jina langu, kusajili laini ya simu kwa jina langu, kisha mimi ndiye nitakayepigiwa simu za kudaiwa usiku wa manane na kuorodheshwa CRB, kule wanakoandikwa wasiolipa mikopo. Wala msidhani kwamba umaskini ni kinga, kwa sababu fukara asiyewahi kukopa ndiye mwenye jina safi linalofaa kuchafuliwa. Nywila ikivuja mtu huibadilisha; nambari ya kitambulisho nitazikwa nayo.

Lakini hayo tuyaache. Ninachotaka kuwauliza ni kwamba, mtu mzima mwenye mvi anawezaje kusema, mbele ya watu, mbele ya mikokoteni, una nini wewe cha kuibiwa?

Binti Makadara amejibu:

Pole sana, kaka yangu, tukio hilo linauma. Hata hivyo tuanze na lililo muhimu: huyo mwenye madafu alikadiria sawasawa au hakukadiria?

Abiria wa Nyuma amejibu:

Mimi nilikuwamo ndani ya feri hiyo, nami ninaona kwamba mtoa uzi ametusimulia nusu ya habari. Katibu aliposoma tarakimu moja vibaya, kuna mtu aliyepiga kelele kutoka nyuma ya mkokoteni, "Si saba, ni tisa!" Je, mtoa uzi anamfahamu mtu huyo?

Mvuvi wa Tudor amejibu:

Hilo halihusiani na uzi huu. Uzi huu unahusu kauli ya una nini wewe cha kuibiwa.

Mzee wa Kibokoni amejibu:

Mwanangu, usimlaumu katibu peke yake, maana watu wamezoeshwa. Babu zetu walivishwa kipande shingoni na serikali ya kikoloni, wala hakuna aliyewaambia kwamba wana haki ya kuuliza kinaandikwa nini na kwa ajili ya nani. Siku hizi mtu akitimiza miaka 18 anapewa kitambulisho, na tangu siku hiyo anakitoa mlangoni kwa bawabu, anakitoa kwa wakala wa fedha za simu, anakitoa akipanga chumba, mpaka mkono unakwenda mfukoni wenyewe kabla akili haijafika. Kwetu Pwani kuna la ziada, kwani wako waliohangaishwa kwa maswali ya asili yao na kutakiwa walete hati za babu na bibi ndipo wakapata kitambulisho. Mtu aliyekipata kwa shida namna hiyo, akiulizwa nambari na sauti inayojiita ofisi, huona kukataa ni kujitafutia balaa. Hata huyo katibu, mimi ninavyomfahamu, alikuwa na hofu zaidi kuliko dharau.

Mvuvi wa Tudor amejibu:

Shikamoo, mzee wangu, nimekusikia. Ila mwenye hofu hasemi una nini wewe cha kuibiwa.

Nahodha Mkavu amejibu:

Wewe umesomewa katika feri moja na unalia. Mwezi Juni 2021 Wakenya wengi walifungua eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wakajikuta wameandikishwa katika vyama vya siasa ambavyo hawakuvijua, nami nilikuwa miongoni mwao, mwanachama kamili wa chama ambacho nilikuwa nikikitukana kila jioni barazani. Hadi leo marafiki zangu huniita mheshimiwa. Hakuna aliyenisomea nambari yangu kwa spika. Ilitoka tu katika daftari fulani, na madaftari niliyotia saini mjini humu hayana idadi.

Kijana wa Saiba amejibu:

Ninyi mnalalamika kuhusu wezi, mimi ninalalamika kuhusu wateja. Kila mwaka mwezi wa Juni ukikaribia kwisha, watu hunijia mbio niwajazie fomu za kodi, nami nikimaliza ninawaandikia nywila zao kwenye karatasi na kuwaambia wazihifadhi. Wananirudishia! "Kaa nazo wewe, mwanangu, mimi nitazisahau." Mashangazi wa mtaa mzima wameniachia nywila, nambari za PIN na tarehe za kuzaliwa, na wengi wao hawajui hata jina langu. Ningekuwa mtu mbaya, leo ningekuwa na jahazi langu.

Binti Makadara amejibu:

Kauli hiyo ya jahazi imenitia wasiwasi, kwa sababu nami nimo katika orodha yako.

Msomi wa Majengo amejibu:

Tuache mzaha kidogo. Iko Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na yuko Kamishna wa kupokea malalamiko ya mtu ambaye taarifa zake zimetumiwa bila ridhaa. Mtoa uzi, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, kisha ndipo ulie. Ingawa, kusema kweli, sheria haiwezi kumzuia mtu anayejitolea mwenyewe: mwaka 2023 watu walipanga foleni hadi jumba la mikutano la KICC kule Nairobi ili mboni za macho yao zipigwe picha na mashine ya Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, kwa malipo yaliyokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000, mpaka serikali ikasimamisha zoezi hilo mwezi Agosti.

Nahodha Mkavu amejibu:

Shilingi 7,000? Na mimi nilipewa uanachama bure.

Shangazi wa Kongowea amejibu:

Nyote mnasema, lakini jana nilinunua bhajia za shilingi hamsini, na karatasi niliyofungiwa ilikuwa nakala ya kitambulisho cha mtu, picha na saini zikiwemo. Nilikula huku nikitazamwa. Mwenye bhajia nilipomuuliza, alisema kwamba karatasi hizo hununua kwa kilo.

Binti Makadara amejibu:

Shangazi, bhajia hizo ni za wapi?

Abiria wa Nyuma amejibu:

Samahani, shangazi, mwenye nakala hiyo alikuwa mwanamume? Mimi niliacha nakala zangu katika duka moja mwezi uliopita na sikuzirudia.

Shangazi wa Kongowea amejibu:

Uso umeingia mafuta, mwanangu, lakini ni mwanamume, na nambari inasomeka yote. Nikuwekee picha hapa?

Abiria wa Nyuma amejibu:

Usiiweke hapa, tafadhali!

Shangazi wa Kongowea amejibu:

Basi usijali, jana ile ile niliituma katika vikundi vyote vya WhatsApp vya mtaa, ili mwenyewe ajitambue.