Vyakula 23 ubaoni, watu wanajaa, faida haionekani: nipunguze au niongeze?

mwenye_mgahawa
Wakuu, habari za majukumu. Nina mgahawa wa viti 32 Dar es Salaam, jirani na maofisi na kituo cha daladala. Ubaoni kuna vyakula 23. Asubuhi chai, chapati, maandazi, mihogo na supu. Mchana wali, ugali, pilau, biriani, ndizi utumbo, makande, tambi, nyama, kuku, samaki wa kukaanga, samaki wa nazi, dagaa, maharage na mboga za majani aina tatu. Chipsi na zege (chipsi mayai) siku nzima. Tuko saba pamoja na mimi, majiko manne ya mkaa na moja la gesi la plati mbili.

Mauzo yanacheza kati ya 380,000 na 450,000 kwa siku. Ila mwisho wa mwezi, ukitoa pango, mishahara na hela ya soko, mkononi hakubaki kitu. Shemeji yangu anasema tumepitwa na wakati: ninunue kompyuta ya mauzo, niongeze pizza na juisi, niweke bodaboda wa kupeleka chakula. Mke wangu anasema nifute nusu ya ubao. Naomba ushauri wenye hesabu, si wa kutiana moyo.

hesabu_kwanza
Mkuu, wiki hii usifute wala usiongeze. Kwanza jua kila chakula kinakuingizia nini, maana sasa hivi 23 zote zinaingia mfuko mmoja na zinazobeba zinafichana na zinazobebwa.

Chukua daftari la kawaida, ukurasa mmoja kwa siku, kwa wiki mbili. Kila chakula kiandikiwe sahani zilizopikwa, zilizouzwa na zilizobaki. Anayeandika asiwe mpakuaji. Kisha piga gharama ya sahani kwa bei za soko lako. Nakuwekea mfano wa wali maharage, bei zibadilishe mwenyewe. Mchele kilo 1 kwa 3,000, mafuta na chumvi 350, jumla 3,350. Kilo moja ikiiva inafika karibu kilo 2.7, yaani sahani 7 za gramu 380 hivi, kwa hiyo wali ni 480 kwa sahani. Maharage kilo 1 kwa 3,000, na nazi, kitunguu, nyanya na mafuta 1,500. Ukipata vipimo 15, ni 300. Weka mboga 150 na mkaa 150. Jumla 1,080. Ukiuza 2,500 kinabaki 1,420 cha kulipia pango, watu na wewe mwenyewe.

Sasa tazama ndizi utumbo, ambayo kwa makaratasi inapendeza. Gharama 1,300, bei 3,000, unajihesabia 1,700. Lakini umepika sahani 12 zikauzwa 7. Umetumia 15,600 ukaingiza 21,000. Kila sahani iliyouzwa imekugharimu 2,229, faida ni 771. Wali maharage usiosifiwa na mtu unakulipa karibu mara mbili ya hapo. Vyakula kama hiyo ndizi ukiwa navyo vinane au tisa, huhitaji mwizi.

Bei usiiguse bado. Ukipandisha bei huku mabaki yako palepale, wateja watalipia uzembe wa sufuria kwa muda, halafu watahama.

upawa_mkubwa
Naunga mkono hesabu, ila kuna gharama ambayo daftari halitaionyesha: jiko na saa.

Mgahawa wa maofisini unaishi kati ya saa sita na nusu na saa nane. Ni dakika 90. Ndani ya muda huo kuna vyakula vya kupakua na vya kuagiza, na si jamii moja hata kidogo. Cha kupakua kimeshaiva. Mtu mmoja mwenye upawa anatoa sahani kila sekunde 30. Zege inataka karai lake, mafuta yake na mtu wake, dakika 6 hadi 8 kila moja, kwa hiyo karai moja likifanya kazi bila kupumzika linatoa kama 12 kwa mchana mzima. Anayesubiri zege anakaa kitini dakika 40, wa wali anakaa 25. Katika dakika 90 kiti cha wa kwanza kinazunguka mara mbili, cha wa pili mara tatu na ushee. Na wale wanaochungulia mlangoni wakaona viti vimejaa wakaenda kwa jirani hawaandikwi popote.

Kwa hiyo chipsi na zege zihamishie jioni, kuanzia saa kumi, wakati sufuria zimepumzika na watu wako kituoni. Hujafuta kitu, umekitenganisha tu.

Mchana baki na sufuria saba: wali, ugali, maharage, nyama mchuzi, mboga moja ya majani, samaki au kuku (kimoja, kwa zamu), na sufuria ya saba ni ya siku. Hiyo ya siku ndiyo itakayokuokoa na lawama. Jumatatu makande, Jumanne ndizi, Jumatano samaki wa nazi, Alhamisi tambi, Ijumaa pilau. Biriani iwe ya kuwekewa oda tangu jana yake. Ijumaa mtu akija anajua ni pilau, wewe unajua unapika kilo ngapi, na mabaki yanakufa yenyewe kwa sababu hakuna sahani nyingine ngeni inayoshindana nayo. Aina tatu za mboga kila siku ni kazi ya bure: kuchambua tembele, mchicha na kisamvu kwa mpigo kunakula mtu mzima asubuhi nzima.

Jambo la mwisho ni vipimo. Wali upimwe kwa bakuli moja lililojazwa na kusawazishwa juu, maharage kwa upawa mmoja, basi. Nyama ikatwe ikiwa mbichi: kilo ya mchanganyiko vipande 12 vya gramu 80 hivi, sahani vipande viwili. Kwa kilo 8 unatakiwa upate sahani 48. Ukikuta 41 hakuna haja ya kugombana na mtu, fuatilia kati ya bucha, ubao wa kukatia na mpakuaji. Mara nyingi ni bucha, na mizani ya kilo 10 ya kwako mwenyewe inaonyesha asubuhi ya kwanza.

meza_ya_wanne
Mtanisamehe, lakini hapa mnataka kumfutia wateja. Mfanyakazi wa ofisi hali peke yake, wanakuja wanne. Mmoja akiwa hali wali, wote wanne wanahamia kwingine. Sahani inayouzwa mara 7 inaweza kuwa ndiyo inayoleta meza 5. Daftari la hesabu_kwanza liongezewe alama moja: sahani hii ilienda kwa mtu mmoja au kwenye meza ya wengi? Chakula kinachouzika kidogo lakini kila mara kwenye meza za watu wengi, kiache.

Pia usihesabu majina ya ubaoni, hesabu vitu vinavyonunuliwa sokoni. Supu ya asubuhi inatoka kwenye mifupa ile ile ya nyama ya mchana; kuifuta hakukupunguzii hata safari moja ya Buguruni. Chapati na maandazi ni ngano, mafuta na mtu mmoja, vinaisha kabla ya saa nne. Lakini tambi zina kopo lake, biriani ina viungo vyake, dagaa wana harufu yao na sufuria lao. Anza na vile ambavyo malighafi yake haitumiki penginepo. Toa vinne, subiri wiki mbili, angalia mauzo yote kwa jumla na si ya chakula kimoja kimoja, ndipo utoe vingine.

Ule mfano unaosimuliwa sana wa ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald wa San Bernardino, Marekani, watu huutaja nusu. Ni kweli mwaka 1948 walifunga mgahawa wao miezi kadhaa, wakapunguza vyakula kutoka 25 hivi hadi 9, wakaondoa wahudumu wa kupelekea wateja chakula kwenye magari yao na vyombo vya kuosha. Lakini walianza na risiti: ziliwaonyesha kwamba hambaga ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mauzo. Na walipofungua, mauzo yalishuka kwanza, wateja wakadai wahudumu wao warudi. Sasa wewe una akiba ya kuvumilia miezi miwili ya kushuka? Kama huna, punguza polepole.

upawa_mkubwa
Hoja ya meza naikubali. Ndiyo maana sufuria ya siku ipo. Ila zege mchana siirudishi hata kwa meza ya watu kumi.

karani_wa_kaunta
Nijibu la kompyuta na pizza, maana naona limepitwa.

Kompyuta ya mauzo inarekodi unachoiambia. Leo hujui sahani ngapi zinatoka kwenye sufuria, kwa hiyo utakuwa na makosa yale yale ila yamechapwa vizuri. Kwa viti 32 tumia vikaratasi vya rangi. Bei zipange ziwe tatu tu, mfano 2,500 maharage, 3,500 nyama, 5,000 samaki au kuku. Kila bei rangi yake, vikaratasi vina namba zinazofuatana. Mteja analipa kaunta, anapewa kikaratasi, anampa mpakuaji, mpakuaji anakitia kwenye kopo lenye kufuli. Jioni: vikaratasi vilivyotoka kaunta, vilivyomo koponi na sahani zilizopungua sufuriani, lazima vitatu vilingane. Kaunta ikizidi kopo, kuna mtu amelipa hajala. Sufuria ikizidi kopo, kuna mtu amekula hajalipa. Na bei tatu zinakupunguzia balaa la chenji. Ukiwa na bei kumi na moja zenye mia tatu na mia saba, foleni inasimama kwa ajili ya sarafu.

Lipa namba (namba ya kulipwa kwa simu) iwe moja, ya mtandao ambao wateja wako wengi wanautumia, na iingie kwenye laini ya biashara, si simu ya nyumbani. Hela ya soko ya kesho itoke jioni hii hii, iwekwe pembeni kabla hujagusa nyingine. Wewe pia jilipe kiasi maalumu kila Jumamosi. Mwenye biashara anayekula kutoka kwenye droo hawezi kujua faida hata akiwa na vyakula viwili.

Kuongeza huduma kabla ya msingi kushika ni ugonjwa wa kampuni kubwa pia, na mfano wa walioukwepa ni M-Pesa. M-Pesa ilipofanyiwa majaribio Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa watu walipe marejesho ya mikopo midogo kwa simu. Wakati wa majaribio ikaonekana watu wanaitumia kutumiana pesa. Ilipozinduliwa Machi 2007 ikaja na mambo machache tu: kutuma, kutoa, kununua muda wa maongezi. Akiba na mikopo ya M-Shwari ilikuja mwishoni mwa 2012, mawakala na wateja wameshazoea. Pizza yako nayo ina oveni, jibini inayotaka friji isiyozimika, na mtu wa kuagizwa. Shemeji kama anaipenda sana awekeze yeye, afungue pembeni.

mwenye_mgahawa
Asanteni wakuu, nimeanza kupata mwanga. Swali: nikibaki na wali na ugali tu kama chakula kikuu, wali ukiisha saa saba watu watanuna. Ndiyo maana huwa tunapika mwingi, unaobaki tunaupasha kesho yake asubuhi.

hesabu_kwanza
Hilo la kupasha liache leo, kabla ya mengine yote. Wali uliokaa nje sufuriani unaota bakteria wa Bacillus cereus. Mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na sumu yake haiondoki kwa kupashwa. Wali wa kuuza ukae moto, zaidi ya nyuzi 60, sufuria imefunikwa juu ya majivu yenye moto au kwenye hotpoti. Ukipoa ukakaa zaidi ya saa mbili, hauuzwi.

Dawa ya kuisha ni kupika kwa mikupuo. Tuseme daftari linakuonyesha sahani 90 za wali kwa siku, ni kama kilo 13. Mkupuo wa kwanza kilo 8, uwe tayari saa sita kasoro robo. Kilo 5 zilizobaki zichambuliwe, maji yawe yanachemka pembeni. Saa sita na nusu mpakuaji anachungulia: sufuria ikifika nusu, bandika kilo 3, zinaiva kwa dakika 40 hivi. Isipofika nusu, subiri. Kilo 2 za mwisho zinabandikwa tu ikiwa foleni bado iko nje saa saba na robo. Mchele ambao haujapikwa unaupoteza mara chache sana; uliopikwa ukabaki umekwenda.

Hii ndiyo inayohitaji jiko la ziada, na utalipata ukishahamisha chipsi jioni.

upawa_mkubwa
Mkupuo wa pili uweke kwenye gesi, si mkaa. Mkaa unataka dakika 15 hadi 20 kukolea, na ukiwasha mapema "kwa tahadhari" unauchoma bure. Mtungi wa kilo 15 ukiutumia kwa mikupuo ya kuongezea tu utakaa muda mrefu. Upime kwenye mizani kubwa, si ile ya kilo 10, kila Jumamosi, toa uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa shingoni, uandike kwenye daftari lile lile. Gesi ikikatika saa saba mchana na sufuria iko nusu, hakuna menyu itakayokusaidia.