Nina Addison, naambiwa niache predinisoloni sababu ya korona. Naombeni ushauri

MamaPacha_Makorora (Juni 2020)

Assalam aleykum wapendwa. Mwenzenu nipo Tanga, Makorora, nna ugonjwa wa Addison mwaka wa 4 huu, yani zile tezi ndogo zinazokaa juu ya figo zimekufa hazitoi tena kotisoli, homoni ambayo mwili hauwezi kukaa bila yake. Ilianza na TB, nikakonda, nikawa mweusi mpaka kwenye mistari ya viganja na kwenye ufizi, nikisimama kizunguzungu, chumvi nailamba kama sukari, watu wakasema nimerogwa. Mpaka nilipofika Muhimbili ndo ikajulikana. Tangu hapo nameza predinisoloni ya mg 5 kila asubuhi na chumvi nazidisha kwenye chakula.

Sasa tangu korona iingie mwezi wa 3 sina raha. Mama mkwe ananipenda kweli, hana nia mbaya, ila kasikia steroidi, yani dawa za jamii ya hii predi yangu, zinashusha kinga basi kila siku ananiambia nizipumzishe mpaka gonjwa lipite. Na jioni nyumba nzima tunapiga nyungu, mwarobaini, mchaichai, majani ya mlimao, juzi nimetoka kwenye blanketi nimelowa chapachapa nikaanguka pale pale uani, wanangu wakaanza kulia. Afu wiki hii ndo ikatoka ile habari ya Uingereza kwamba deksamethasoni, nayo ni steroidi, inaokoa wagonjwa wa korona, kwenda duka la dawa naambiwa hata predi zimeisha, watu wamezoa zote. Nimebakiwa na vidonge 9. Nivikate nusu nusu? Niache? Na homa ikinishika nifanyeje? Naogopa jamani, sijui hata nimuulize nani.

Babu_Raskazone

Pole sana mwanangu. Mi nyungu imenisaidia kifua na sisemi vibaya juu yake, ila kwa mtu anayeanguka hapana, kaa pembeni wenzio wapige. Kuhusu dawa sijui, subiri wanaojua.

Binti_Kaole

Dada usiache hata siku MOJA. Nipo Bagamoyo, nna ugonjwa huo huo. 2017 nilienda msibani nikasahau dawa nyumbani, nikasema siku 3 si nyingi, ya pili nikaanza kutapika, tumbo linakata, ya tatu sikumbuki kitu. Naambiwa presha ilikuwa 70 kwa 40, na pale zahanati walidhani malaria wakanitundikia kwinini, kama si kaka yangu kupiga kelele kwamba huyu anameza steroidi kila siku nisingekuwa naandika hapa. Tangu hiyo siku natembea na kikaratasi kwenye pochi, kimeandikwa nna Addison, nichomwe sindano ya haidrokotisoni mg 100 haraka na dripu ya maji ya chumvi. Andika na wewe, leo hii, na mumeo ajue kilipo.

Nesi_Ngamiani

Mwanangu, nimefanya wodini miaka mingi, nisikilize taratibu. Anachosikia mama mkwe kina ukweli ila si kwako. Kinga inashuka kwa mtu anayepewa steroidi nyingi, mg 40, mg 60, kwa muda mrefu. Wewe mg 5 unarudishia tu kile ambacho mwili wa mwenzio unajitengenezea wenyewe. Ukiacha hujaongeza kinga, umebaki bila homoni, na mwili usio na kotisoli ukipata homa yoyote, iwe korona iwe malaria, presha inaporomoka.

Kwa hiyo usikate nusu. Homa ikifika 38 unaongeza dozi maradufu siku hiyo hiyo, na unampigia daktari wako akuambie kama iongezwe zaidi, maana na korona wenye Addison huwa wanahitaji zaidi. Ukitapika kidonge usikae kusubiri, nenda hospitali ya Bombo hata kama ni saa 8 usiku. Ile sindano ya haidrokotisoni ndo hiyo hiyo wanayochomwa wenye pumu, haikosi hospitali.

Ya Uingereza, hao walipewa mg 6 za deksamethasoni, ambayo ni kama vidonge 8 vya predi yako kwa siku, na waliofaidika ni waliokuwa kwenye oksijeni na mashine, waliokuwa wanapumua wenyewe bila kuhitaji oksijeni haikuwasaidia. Inaniuma watu wanaziweka kabatini hazina kazi na wewe unazihangaikia.

Nyungu acha kabisa, jasho linaondoka na maji na chumvi, na wewe chumvi haikai mwilini. Na kitu kingine, najua watu wa pwani wakichoka wanakupa madafu. Usinywe mengi, dafu lina potasiamu nyingi na chumvi kidogo, na potasiamu kwenu inapanda yenyewe. Bora supu ya chumvi.

MamaPacha_Makorora

Allah awalipe. Dafu!! Siku ile nimeanguka nilinyweshwa mawili. Nimemsomea mama mkwe maneno ya nesi mara mbili, akanyamaza, afu akavaa baibui akaenda mwenyewe kwa nduguye Muheza, karudi magharibi na vidonge 60. Kikaratasi mume wangu kakiandika kwa kalamu nyekundu, kimoja kwenye pochi, kimoja kimebandikwa mlangoni. Nesi samahani nikuulize tena, nna siku 5 za Ramadhani za kulipa, nizifunge sasa au nisubiri?

Nesi_Ngamiani

Subiri mwanangu. Kwanza ukaonane na daktari wako.