Sikukuu ya vitafunio iliyozaliwa na mzaha wa tarehe: je, Kiswahili kina yake?

Mlezi wa Chama

Wapenzi wa lugha, salamu. Mimi ni mlezi wa chama cha Kiswahili katika shule moja ya bweni hapa Nairobi, na wanafunzi wangu wamepania kuwa na siku ya vitafunio ambayo tarehe yake itatokana na mchezo wa maneno. Wazo walilipata waliposikia kwamba Wajapani husherehekea vijiti vya biskuti vilivyopakwa chokoleti kila tarehe 11 Novemba. Ninaomba kuelezwa mambo mawili. Kwanza, sherehe hiyo ilianzaje: ni mila ya watu, au ni biashara iliyovishwa joho la sikukuu? Pili, ni tarehe gani inayoweza kuzaa mzaha wa aina hiyo katika Kiswahili bila kulazimishwa? Nasisitiza hilo la mwisho kwa sababu mapendekezo niliyopokea hadi sasa, kama lile la kula njugu tarehe nne kwa kuwa maneno yote mawili yanaanza na herufi moja, yameniacha nikiguna. Sharti jingine ni kwamba kitafunio chenyewe kiweze kuuzwa katika kantini ya shule kwa bei ya mwanafunzi.

Msoma Kalenda

Mwalimu, ni biashara, tena isiyojificha. Vijiti hivyo huitwa Pocky na hutengenezwa na kampuni ya Ezaki Glico ya Osaka, iliyoanza kuviuza mwaka 1966. Ncha moja ya kila kijiti huachwa bila chokoleti ili mlaji apate pa kushika bila kuchafua vidole. Tarakimu za 11/11 zinafanana na vijiti vinne vilivyosimamishwa, na kampuni haikuhitaji hoja nyingine. Hata mwaka wa uzinduzi uliingia katika mzaha huohuo: Wajapani huhesabu miaka pia kwa enzi za watawala wao, na kwa kuwa 1999 ulikuwa mwaka wa 11 wa enzi ya Heisei, tarehe 11 Novemba mwaka huo iliweza kuandikwa 11/11/11, ikawa siku ya Pocky pamoja na nduguye asiyepakwa chokoleti, Pretz.

Lakini Wajapani walikuwa wameuzoea utani wa namba tangu zamani, kwa sababu tarakimu zao zina matamshi zaidi ya moja na ni rahisi kuziunganisha zikawa neno. Mbili husomwa "ni" na tisa husomwa "ku". Ukiziunga unapata "niku", yaani nyama, kwa hiyo tarehe 29 ya kila mwezi ni siku ya nyama na wauzaji hupunguza bei. Moja na tano hutoa "ichigo", yaani stroberi. Sasa chukua kalenda ya ukutani yenye safu za siku saba: tarehe 15 hukaa juu kabisa ya tarehe 22, na kwa sababu stroberi iko juu, tarehe 22 ya kila mwezi ikafanywa siku ya ile keki ya krimu inayowekwa stroberi juu yake. Mzaha huu naupenda kuliko ule wa vijiti, kwani hauelezeki mpaka mtu aitazame kalenda yenyewe.

Korea Kusini nako, tarehe 11 Novemba ni siku ya Pepero, vijiti vya kampuni ya Lotte vilivyoingia sokoni mwaka 1983. Husimuliwa kwamba wasichana wa shule ndio walioanza kupeana vijiti hivyo katika miaka ya 1990, wakitakiana wawe warefu na wembamba kama biskuti zenyewe, na kampuni ikaudaka utani huo baadaye. Siku hiyohiyo ni ya wakulima huko, kwa sababu herufi ya Kichina ya udongo ukiigawa inatoa ile ya kumi na ile ya moja, yaani kumi na moja. Ndiyo maana wapo wanaohimiza kwamba iliwe keki nyeupe ya mchele yenye umbo la fimbo, inayoitwa garaetteok, badala ya biskuti za kiwandani. Kwa chama chenu, mfano huo wa wakulima huenda ukafaa zaidi kuliko ule wa kiwanda.

Mpima Tarehe

Nyongeza moja kuhusu uchaguzi wa tarehe. Wamarekani wana siku ya 14 Machi, iliyoanzishwa mwaka 1988 na mwanafizikia Larry Shaw katika jumba la sayansi la Exploratorium mjini San Francisco. Wao huandika mwezi kabla ya siku, hivyo 3/14 iliwakumbusha thamani ya pai, nao wakaila pai kweli. Sisi tunaoandika 14/3 tumeukosa mzaha huo, ingawa pai ya hesabu na pai ya nyama zina jina moja kwetu pia. Chagueni tarehe pacha, ambayo haibadiliki hata ikigeuzwa. Kiswahili kina urahisi wake hapo, kwa kuwa tunasema mwezi wa saba na mwezi wa nane, na ndiyo sababu Nane Nane ya wakulima wa Tanzania hutamkika bila taabu. Saba Saba iacheni. Kwetu Kenya inabeba kumbukumbu ya Kamukunji ya mwaka 1990, ya maandamano ya kudai vyama vingi, na si ya kutaniwa kwa bhajia. Kumi-kumi msiitaje kabisa shuleni: ni jina la pombe haramu iliyoua na kupofusha watu katika jiji hili mwaka 2000.

Binti Kisauni

Mbona jibu mnalo mdomoni? Kama tunavyosema tarehe mosi, ndivyo tunavyosema tarehe pili, na Februari ni mwezi wa pili. Pili-pili! Siku hiyo iliwe kachiri ya muhogo iliyonyunyiziwa pilipili ya unga na kukamuliwa ndimu, pamoja na mabuyu na achari ya embe. Wanaong'ang'ania kusema "mbili-mbili" nao wasikate tamaa, kwa sababu tutawapa mbilimbi.

Karani wa Chai

Pilipili ni kiungo, ingawa kuhusu muhogo sitabishana na mtu wa Pwani. Mimi napendekeza sita-sita, tarehe 6 Juni, na kitafunio chake kiwe samosa, tena ile ya mwisho kwenye sahani. Kila aliyewahi kunywa chai ya saa nne ofisini anaijua. Sahani iko katikati ya meza, vipande vya ndimu vimeshakamuliwa, samosa imebaki moja, na watu wote wanaitupia jicho la pembeni huku wakijifanya kuzungumzia foleni ya Mombasa Road. Hatimaye mmoja anaikata katikati kwa adabu na kuchukua nusu, mwingine anakuja kuikata ile nusu iliyobaki, hadi sahanini kunasalia pembe ya manda isiyo na nyama wala kitunguu, ambayo huondolewa na anayekusanya vikombe. Watu wa Osaka na maeneo jirani wana jina la kipande hicho cha mwisho, "enryo no katamari", yaani bonge la kujizuia, kwa hiyo hata wenyeji wa Pocky wangetuelewa.

Sasa tazameni neno lenyewe. Sita-sita ni tarehe. Kusitasita ni kuona haya kuichukua ile samosa. Lakini "sitasita", katika nafsi ya kwanza, wakati ujao, hali ya kukanusha, maana yake ni kwamba nitaichukua. Neno lilelile linamzuia mtu na kumruhusu papo hapo, na hakuna herufi hata moja iliyolazimishwa.

Mlezi wa Chama

Nawashukuru nyote. Ndugu Karani, nililisoma jibu lako mbele ya wanachama, na mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili akainua mkono kusema kwamba ukikikanusha kitenzi "kusitasita" chenyewe kwa namna hiyo utapata "sitasitasita". Ukanushi huo tumekuwa tukiufundisha kwa majedwali, na sijawahi kuona ukichekewa kiasi hicho.

Tumeichukua 6 Juni, iliyo ndani ya muhula wa pili. Hata ikiangukia wikendi haidhuru, kwa kuwa wanafunzi wanalala shuleni. Samosa zitapikwa na kantini, za ndengu na za nyama. Kanuni ni kwamba sahani ikibaki na samosa moja, anayeitaka atatunga sentensi yenye neno hilo kwa maana mbili tofauti kabla hajaigusa, na akishindwa, zamu inakwenda kwa aliye kulia kwake. Dada Binti Kisauni, pili-pili tumeiweka katika muhula wa kwanza mwakani, na kamati inauliza ni kiasi gani cha pilipili ambacho mtoto wa Nairobi ataweza kustahimili.

Binti Kisauni

Mwalimu, anzeni na ndimu, kisha chumvi, kisha kamati ikutane tena.