Tupeane uzoefu: uamuzi gani wa refa au VAR (waamuzi wasaidizi wa video) bado umekukaa kooni?

Wadau, habari za jioni. Naomba leo tuweke ushabiki pembeni. Nataka kila mtu asimulie uamuzi mmoja alioushuhudia, alikuwa wapi, na nini kilifuata. Naanza mimi.

Tarehe 5 Aprili 2024, Loftus Versfeld, Pretoria. Mamelodi Sundowns na Yanga, marudiano ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kwa Mkapa tulitoka 0-0. Nilikuwa kibanda umiza Mbagala, watu wamejaa mpaka mlangoni. Kipindi cha pili Aziz Ki wetu wa Yanga akaachia shuti, mpira ukagonga mtambaa wa panya, ukadunda pale pale mstarini, ukatoka. Kibanda kizima kikasimama. Mbele yangu kulikuwa na mzee mmoja, Simba damu, naye akanyanyuka: "Hilo goli hilo!" VAR wakaangalia huko walikokaa, refa hakwenda kwenye runinga ya pembeni, mpira ukaendelea. Dakika zikaisha bila goli, tukatolewa kwa penalti 3-2.

Sheria inataka mpira wote uvuke mstari wote. Kwa jicho, na kwa kamera iliyokaa upande, hicho ni kitu kigumu kukipima. Ndiyo maana teknolojia ya mstari wa goli, ile inayompa refa ishara kwenye saa ya mkononi, ilipitishwa mwaka 2012, miaka miwili baada ya shuti la Lampard wa Uingereza kudunda ndani ya goli la Ujerumani kwenye Kombe la Dunia pale Bloemfontein na goli kukataliwa. Miaka 12 baadaye, robo fainali ya Afrika inachezwa bila hiyo! Na kinachoniuma zaidi ni ule ukimya. Hakuna aliyetuambia wameangalia kamera ipi na wameona nini. Kukosea kwa refa nakuvumilia, kunyimwa maelezo sikuvumilii. Nyie je?

Mdau wa Nairobi: Ndugu, hapo kwa maelezo umenigusa. Mimi ni Liverpool. Tarehe 30 Septemba 2023 tulikuwa ugenini kwa Tottenham, bado 0-0, Luis Díaz wetu akafunga, mshika kibendera akainua. Chumba cha VAR wakaangalia, wakaona hajaotea, lakini aliyekuwa akiongoza ukaguzi alidhani refa ameshakubali goli. Akasema ukaguzi umekamilika. Mpira ukapigwa, na sheria haikuruhusu kurudi nyuma. Tukafungwa 2-1 dakika za nyongeza, tena kwa goli la kujifunga.

Siku chache baadaye walitoa sauti za mle chumbani. Nilizisikiliza kwa simu nikiwa kwa matatu ya kurudi nyumbani. Unasikia kabisa sekunde wanapogundua, sauti zinabadilika, mmoja anauliza kama wanaweza kusimamisha mchezo, anajibiwa hapana. Siwezi kusema niliacha kuumia. Lakini maneno ya kwamba tumehujumiwa yaliniisha siku hiyo, kwa sababu niliwasikia wakihangaika.

Mdau wa Tanga: Mimi nasimulia nikiwa upande wa pili, wa mwenye kipyenga. Nachezesha ndondo na mechi za wilaya. Kuna mechi moja ya mtoano, dakika za mwisho, winga wa wageni akaingia ndani ya boksi na beki akateleza kwa mguu. Nilikuwa karibu, niliona mguu ukigonga kifundo kabla ya mpira. Nikaonyesha penalti. Uwanja ukavurugika. Vijana wawili wakaja na simu zao, kila mmoja alirekodi akiwa upande wake. Ya kwanza, iliyotoka nyuma ya goli, inaonyesha beki kagusa mpira safi. Ya pili, iliyotoka upande wa benchi, inaonyesha kifundo kinapinda kabla mpira haujaguswa. Tukio moja, simu mbili, na kila kijana ameapa yake ndiyo kweli.

Nilikataa kuamua kwa simu, maana kanuni hainiruhusu. Nikawaita manahodha wote wawili, nikawaeleza: nimesimama hapa, nimeona mguu, nimeona kifundo, penalti. Ikapigwa. Ndiyo maana watu wakisema VAR itamaliza ubishi mimi natikisa kichwa. Picha nayo ina mahali iliposimama.

Mdau wa Muscat: Fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Mei 31, 2019, Radès, Tunisia: Espérance ya huko na Wydad ya Morocco. Tulikuwa kambini na wenzetu Wamorocco, mwezi wa Ramadhani. Wydad goli lao likakataliwa, wakadai VAR, kumbe mashine haifanyi kazi. Wakagoma kuendelea. Tulikaa zaidi ya saa nzima tukiangalia watu wakijadiliana uwanjani. Ubingwa ukabaki kwa Espérance. Jirani yangu alizima simu, akaenda kulala bila kula daku.

Mdau wa Mwanza: Mimi nalia na furaha. Aprili 2019, Manchester City na Tottenham, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Sterling wa City akafunga dakika za nyongeza, goli la kuwapeleka nusu fainali. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua. Halafu likafutwa, mwenzake Agüero alikuwa ameotea. Uamuzi ulikuwa sahihi, sibishi. Ila tangu hapo goli likiingia nakaa kwanza, nasubiri.

Mdau wa Kisumu: Mtoa mada, unachokitaka kimeshaanza. Kombe la Dunia la wanawake 2023, marefa walitangaza uamuzi wa VAR kwa kipaza sauti. Kwenye fainali, refa Penso wa Marekani alirudi kutoka kwenye runinga, akasimama, akatamka mbele ya uwanja mzima kwamba ni mpira wa mkono, penalti kwa Uhispania. Nilikuwa naangalia na wasichana wa timu yetu ya mtaa. Waliokuwa wakiishabikia Uingereza walikasirika, ila hakuna aliyeuliza "kwani kumetokea nini?" Earps, kipa wa Uingereza, akaidaka penalti yenyewe.

Mtoa mada: Asante sana dada wa Kisumu, hicho ndicho nilichokuwa natafuta. Mkuu wa Tanga, nikuulize: ulipowaeleza wale manahodha, walikubali?

Mdau wa Tanga: Mmoja alikubali, wa wenyeji hakukubali mpaka leo. Lakini alirudi kwa wenzake akawatuliza, mechi ikamalizika. Siku hizi nawaambia kabla ya kuanza: anayekuja kwangu ni nahodha peke yake, kama walivyofanya Ulaya kwenye Euro 2024, na yeye nitamweleza kila kitu. Wachezaji wameanza kuzoea. Makocha ndio bado.