Kocha kanikataza matunda wakati huu wa kukata mafuta. Niache kweli?

Mtoto wa Muheza:
Wakuu, habari za jioni. Nina kilo 80, mwili umeshajaa, sasa napunguza mafuta ili misuli ionekane. Kocha wa jimu anasema niache matunda yote, eti sukari yake inaishia kitambini. Kwetu Muheza machungwa tumekua nayo, na kila nikienda tizi asubuhi natanguliza ndizi mbivu mbili. Msimu wa maembe nao ndiyo huo unaingia. Naombeni ushauri.

Chuma Kizito:
Acha mkuu. Mimi nikikata ni kuku, mayai na mchicha basi. Matunda utayakuta baadaye.

Dada Mlo:
Kaka, usiache. Mafuta huongezeka ukila kalori nyingi kuliko unazotumia, ziwe za embe au za ugali. Ndizi ya wastani ina kalori kama 105 na wanga gramu 27, na wanga huo ndio unaokupa nguvu ya kunyanyua asubuhi.

Ni kweli fruktosi, yaani sukari ya matunda, hushughulikiwa zaidi na ini, na ikizidi sana hugeuzwa mafuta. Ila kuizidisha kwa kutafuna matunda si rahisi, maji na nyuzinyuzi vinakushibisha mapema. Cha kuogopa ni juisi: glasi moja imekamua machungwa matatu au manne, nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio, na mara nyingi muuzaji kaongeza sukari. Hiyo iache leo hii.

Unachotakiwa kukilinda ni protini, gramu 1.6 hadi 2.2 kwa kila kilo ya mwili. Kwako ni kati ya 128 na 176 kwa siku, na tunda haliwezi kukupa hizo. Panga kwanza mayai, dagaa, kuku na maharage, kisha matunda yaingie kwenye kalori zinazobaki. Mapera nayapenda sana kwa hili: gramu 100 zina vitamini C zaidi ya miligramu 200, chungwa lina 50 na kidogo. Tikiti lina kalori 30 tu kwa gramu 100.

Chuma Kizito:
Mbona wanaopanda jukwaani kushindanisha misuli wanayaondoa?

Dada Mlo:
Wengine huondoa, wiki za mwisho, kwa sababu kalori zao zimebaki chache mno na wanazitumia kwenye protini. Mwenzetu hapa hajasema anashindana.

Mtoto wa Muheza:
Asante sana dada. Na parachichi? Nyumbani hatukosi.

Dada Mlo:
Hilo lipime. Gramu 100 zina kalori kama 160, nyingi zinatokana na mafuta. Ni mafuta mazuri, lakini kula robo au nusu kulingana na ukubwa, na siku hiyo mboga ipikwe kwa mafuta kidogo.